Mhusika Duara

Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha mtihani wa Kiswahili wa kidato cha tatu katika sekondari moja ya kata mkoani Geita, nilikutana na jibu lililonichekesha hadi mwenzangu wa meza ya pili akaja kuchungulia. Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze maana ya mhusika bapa na mhusika duara. Kwenye bapa kijana alijitahidi. Kwenye duara akaandika: ni mhusika anayefanya kazi kwenye duara, anaingia asubuhi na hajui kama atatoka. Nikamchorea sifuri kwa kalamu nyekundu, nikavuta karatasi iliyofuata.

Kwa msomaji aliye mbali na ukanda wa dhahabu, duara kwetu ni shimo la mchimbaji mdogo. Lina namba, lina mwenyewe, lina matimba ya kuzuia kifusi, lina hadithi za waliotokea humo wakajenga ghorofa Katoro na za waliobaki humo. Mtoto wa Nyarugusu au Mgusu hulijua neno hilo kabla hajashika bikari. Duara la wahakiki lilitoka mbali zaidi. Mwaka 1927 Mwingereza E. M. Forster aliwagawa wahusika wa riwaya mafungu mawili: wale unaoweza kuwamaliza kwa sentensi moja, na wale wanaoweza kukushangaza na bado ukawaamini. Sisi tukawaita bapa na duara, tukawaingiza kwenye madaftari ya wanafunzi, na hakuna aliyekaa chini kuwaza kwamba mahali fulani karibu na Ziwa Viktoria yupo mtoto ambaye neno hilo tayari linamlisha.

Sifuri ile imenirudia Jumamosi moja hivi karibuni. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, darasani, madirisha yamezibwa kwa mashuka, natazama filamu fupi ya dakika 11 iliyotengenezwa na klabu ya wanafunzi. Walipiga kwa simu, wakahariri kwa simu, projekta wakaazima kanisani. Kazi ilikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Hadithi yenyewe unaijua: tajiri mwenye suti, mke wake, sekretari ambaye ni mchepuko wake, meseji iliyoonekana, kofi, machozi, safari ya kwa mganga ambako kuna bibi kizee anayekoroga chungu, kisha ajali. Sebule ilikuwa ya lodji moja mjini, sofa bado zimevaa nailoni. Tajiri alikunywa juisi ya zabibu kwenye glasi ya mvinyo. Mlinzi wa getini, aliyeonekana kwa sekunde 20 hivi, alisema "bhebhe!" mara tatu na darasa zima likaanguka kicheko. Darasa ambalo nusu yake, nikipiga hesabu ya harakaharaka, ukiwaamkia kwa Kisukuma "mwangaluka" watakuitikia bila kufikiri.

Filamu ilipokwisha niliuliza swali la kuvunja ukimya: sauti mlirekodije bila kelele? Msichana aliyeiongoza akajibu kwa fahari, "Mwalimu, ilibidi tumwombe mwenye karasha azime mashine. Tukamnunulia soda." Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mitaa ile haikosi ngurumo yake tangu alfajiri. Kwa hiyo, ili filamu ya Geita ionekane filamu, ilibidi kwanza Geita inyamaze.

Siwacheki. Wamejifunza walichofundishwa, na mwalimu wao mkubwa kuliko sisi wote ni televisheni. Tena televisheni hiyo iliwahi kumchukua mtoto wa huku huku ikampandisha kuliko yeyote. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, na mwaka 2002 akajiunga na kundi la Kaole jijini Dar es Salaam, lile ambalo michezo yake ya kuigiza ITV ilikuwa ikikusanya mtaa mzima kwenye nyumba moja yenye luninga. Mwaka 2006 alicheza Dar to Lagos pamoja na Wanigeria. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, Dar es Salaam ilimsindikiza kwa umati ambao wanasiasa wengi hawaupati hata kwa kukodi malori. Shinyanga tulilia kilio cha wazazi.

Lakini kaa na kazi zake nyingi, mfululizo, kama ninavyowataka wanafunzi wakae nazo, utamwona kijana aliyeijua mapema sheria ambayo haikuandikwa popote. Shujaa anaishi kwenye nyumba yenye geti. Ana gari. Kiswahili chake hakina kijiji. Filamu inazungumza Kiswahili lakini jina lake juu ya kasha ni la Kiingereza. Kanumba hakuitunga sheria hiyo. Aliikuta, akaimudu kuliko wenzake, na biashara ya diski ikaikaza, kwa sababu mnunuzi wa Kariakoo, na wa Kahama pia, tusidanganyane, alitoa pesa yake ili aione sebule ambayo yeye hana. Sina ugomvi na sebule. Ninachouliza ni kwa nini mtoto wa Bugoyi alifika kileleni bila Bugoyi kuonekana naye.

Mtu wa kanda ya ziwa akapewa nafasi yake pembeni: getini, jikoni, nyuma ya ng'ombe. Kwenye vichekesho alipewa zaidi. Tunaikumbuka Ze Comedy ya EATV, iliyohamia TBC1 ikawa Orijino Komedi. Mmoja wa wachekeshaji wake waliopendwa sana alijiita Masanja Mkandamizaji, na Masanja ni jina ambalo ukiliita kwenye mnada wa ng'ombe wilayani Kishapu watageuka watu 10. Nilicheka kama wengine na sitakana leo. Utani ni mali yetu. Ila utani una masharti yake: mtani wako yupo mbele yako, anakujibu, na siku ukifiwa ndiye anayekuja kulala kwenye kaburi kabla maiti haijashushwa mpaka apewe chochote. Televisheni imetutania miaka yote hii na haijawahi kuja msibani.

Na hata hivyo kicheko si kosa ninalolifuata. Kosa liko kwenye uandishi wenyewe. Mhusika wa Kisukuma hupewa lafudhi, na mwandishi akishaiweka anaona kazi imekwisha. Haja hampi. Mke wa tajiri ana haja: anataka nyumba yake isivunjike. Sekretari ana haja. Tajiri ana haja mbili zinazogombana, ndiyo maana tunakaa naye mpaka mwisho. Mlinzi ana "bhebhe". Usiku kucha anafungua na kufunga geti, na hakuna anayetaka kujua kwa nini mtu aliyekua akihesabu ng'ombe wa baba yake amekuja kulinda gari la mtu mwingine, nani anangoja pesa yake kule Mbogwe, na kesho geti likibomolewa na mchepuko mwenye hasira yeye atakatwa kiasi gani. Mwondolee lafudhi hiyo na hakuna kinachobaki kwenye kiti chake.

Mwenzangu mmoja aliniambia basi tuiondoe lafudhi, wote waseme Kiswahili cha taarifa ya habari. Hapana. Rais John Magufuli wa Chato alihutubia taifa kwa lafudhi ya kanda ya ziwa tangu 2015 hadi kifo chake 2021, na hakuna aliyemdhania mlinzi. Tulimwelewa haraka sana, wengine kwa hofu, kwa sababu kila aliposimama tulijua anataka nini.

Neno hili haja lina historia yake kwenye luninga zetu. Wenye umri wangu mnaikumbuka Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyoanza huko mwaka 1998 na kuletwa kwetu na ITV. Kwa Kizulu jina hilo maana yake ndiyo hiyo: haja, uhitaji. Na mandhari yake yalikuwa mji wa mgodi wa dhahabu, Horizon Deep, mji wa kubuni. Sasa tazama kalenda. Mgodi wa dhahabu wa GGM ulizinduliwa Geita mwaka 2000. Bulyanhulu, kule Kahama, ukaanza kuzalisha 2001. Malori yanapita, vumbi linapanda, watu wanahamishwa na wengine wanahamia, mji unazaliwa mbele ya macho yetu. Jioni tunaoga, tunakaa, tunafuatilia dhahabu ya watu wasiokuwepo. Jirani yangu wa wakati ule, mama aliyemaliza darasa la saba bila Kiingereza hata cha kuombea maji, alikuwa akinisimulia kesho yake asubuhi alichokuwa anakitaka Barker Haines na jinsi Cherel alivyojipanga kumwangusha. Alikuwa amepatia karibu yote. Maneno hayakumfikia, haja ilimfikia.

Kwa hiyo nikisema uhakiki wa wahusika uanze klabu za filamu za sekondari, kabla ya kununua maikrofoni, sisemi juu ya zoezi la kutafutia alama. Na kama kuna anayeona hili ni jambo la sinema tu, watu wanajifurahisha, kuna mhusika mmoja ambaye Shinyanga hatuwezi kumtazama hivyo. Ni bibi kizee mwenye macho mekundu.

Mnamjua. Kinanda kinashuka sauti ya chini, kamera inamsogelea, kaniki, ungo, kicheko cha kukwaruza, halafu macho. Mtazamaji wa Tabata anashtuka, anacheka, anaendelea na chipsi zake. Usukumani macho hayo yameua. Kwa miongo mingi vikongwe wa mikoa hii wamevamiwa usiku na kukatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu wa macho umechukuliwa kuwa ushahidi tosha. Mauaji hayo yalikuwepo kabla luninga haijafika kijijini, wala simtwishi mwongozaji yeyote damu ya mtu. Ninachosema ni kwamba tukitaka kumvalisha mchawi wetu wa filamu, tunakwenda kuchukua nguo za marehemu.

Macho yale yana sababu, na sababu hiyo ni ndefu. Vichaka vya Shinyanga vilifyekwa ili mbung'o aondoke. Kisha ikaja pamba, ikaja mifugo mingi, miti ikazidi kwisha, hadi mkoa ukaanza kuitwa jangwa na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioirudishia heshima ngitili, yale malisho ya akiba ya wazee wetu. Kuni zilipokuwa safari ya nusu siku, mama alipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, asubuhi na jioni, miaka 50. Moshi huo ndio macho hayo. Uso wa bibi mmoja umebeba mbung'o, pamba, ng'ombe na ukame wa mkoa mzima. Tena chimba kidogo nyuma ya ramli: mara nyingi utakuta shamba la mjane, au ng'ombe wake wachache, na mtu wa karibu anayeona bibi amechelewa kufa. Haja ipo, iko kwa muuaji na iko kwa bibi. Forster mwenyewe angekuwa hai ningemwonyesha mhusika huyu. Sisi tunambandika rangi tunapita.

Nikawauliza vijana bibi wa kwenye filamu yao walimtengenezaje. Walicheka. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, wamempaka unga nywele ziwe mvi na lipstiki chini ya macho. Wakaanza kubishana lipstiki ilikuwa ya nani. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kazi yake kwenye filamu ilikuwa kushika taa, akasema si kwa sauti kubwa, "Mwalimu, bibi yangu macho yake yako hivyo hivyo." Ubishi wa lipstiki ukaisha. Hakuna aliyejua aseme nini, hata mimi, nikajifanya natafuta chaki.

Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua njia hiyo ya kutoka kwenye hadithi hadi kwenye panga. Tangu mwaka 2007 mauaji yao yaliitikisa kanda hii. Vicky Ntetema wa BBC alipoingia kwa waganga kwa siri mwaka 2008 na kuianika biashara ya viungo, alitishiwa maisha. Watoto wakakusanywa kwenye shule ya Buhangija, Shinyanga, wakalala nyuma ya uzio, mbali na mama zao. Mwaka 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Uvumi kwamba kiungo cha mtu huvuta dhahabu au samaki ulikuwa, ukiutazama vizuri, hadithi iliyotungwa vibaya: mhusika mmoja hana jina wala haja, ni kifaa tu cha kumtajirisha mwingine. Wanafunzi wetu wamekuwa wakimsoma Takadini wa Ben Hanson darasani, mtoto mwenye ualbino ambaye mama yake, Sekai, anakimbia naye ili aishi. Wanampenda Sekai. Wanajibu swali la mtihani vizuri kabisa. Kisha wanatoka nje na kuandika filamu yenye mganga anayedai damu, kwa sababu mganga anapendeza kwenye kamera.

Wageni nao walikuja na kamera zao. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, iliyopigwa Mwanza juu ya sangara na ndege za mizigo, ilipata sifa Ulaya na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu hadharani. Niliitazama mara mbili. Ina picha ambazo hazitoki kichwani, na ina ujasiri. Lakini watu wake nao ni bapa kwa namna yao: kila mmoja ni kidonda. Kati ya kuwa kichekesho cha Dar es Salaam na kuwa kidonda cha Ulaya, mtu wa ziwani hajapata mahali pa kukaa.

Nirudi kwenye duara. Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, kifusi kilishuka na kuwafunika watu chini. Siku zikapita, matanga yakawekwa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wanaume 5 walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura, mizizi na maji machafu. Mwezi huo huo kumbi za sinema za Marekani zilikuwa zinaanza kuonyesha The 33, yenye Antonio Banderas, juu ya wachimbaji 33 wa Chile waliokaa siku 69 chini ya ardhi mwaka 2010. Ya Chile ilihitaji miaka 5 tu kuwa filamu. Ya Nyangalata mimi naisikia vijiweni, na kila msimuliaji anaongeza siku.

Siku 41 gizani watu huzungumza nini? Mimi nadhani wanadaiana. Nani alisema matimba yaongezwe, nani alisema yatatosha mpaka Ijumaa. Nani ana mke anayejua alipo. Nani alikula mwenzake akiwa amelala. Nikiiwaza hali hiyo sentensi ya kijana wangu inarudi: anaingia asubuhi na hajui kama atatoka. Ukiitafsiri kwa lugha ya wahakiki inasema mhusika duara ni yule ambaye mwisho wake hauwezi kuujua kutokana na mwanzo wake. Ilistahili alama 2 kati ya 3, na ile moja ningemnyima kwa ubishi tu.

Kusema kweli machimbo ni tamthilia iliyokwisha kujiandika. Kuna mwenye leseni. Kuna mwenye shamba, ambaye ardhi ni yake ila kilicho chini yake si chake. Kuna mwenye duara anayetoa mtaji wa kamba, matimba, pampu na chakula, na kuna wanaoshuka, ambao hawana mshahara. Wanakula na kusubiri mpaka mawe yenye dhahabu yafikiwe, ndipo viroba vigawanywe. Inaweza kuwa wiki 3, inaweza kuwa mwaka. Halafu karasha, halafu mwalo wa kuoshea, halafu zebaki kwenye karai, halafu, tangu 2019, soko la madini lenye mizani na bei iliyoandikwa ukutani. Kila hatua inamkuta mtu anamwamini mwenzake huku akimhesabia viroba. Wapo wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo ndogo jua la saa 7 mchana. Wapo wanaoishi kwa magwangala, mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa, wakiamini mashine ya mzungu haikuona kila kitu. Na pembeni, chini ya turubai, yupo mama lishe. Kwa maoni yangu huyu ndiye mhusika mkuu wa ukanda wote, kwani wote hao wanakula kwake kwa mkopo. Ukitaka kujua duara lipi lina matumaini na lipi limekufa, usiwaulize wataalamu wa miamba. Soma daftari lake.

Niliipa klabu ile kazi moja. Nendeni mwaloni bila kamera, kila mmoja arudi na haja ya mtu mmoja. Historia ya maisha yake simtaki mtu aniletee, wala kabila lake, wala picha. Na asikanyage mtu ukingo wa duara, wazazi wenu wataninyonga. Wiki iliyofuata wakaja na vikaratasi. Kijana mmoja anataka ng'ombe 2 wakamilishe mahari kabla mvua hazijaanza, maana mkwe amepata mwingine mwenye pikipiki. Mwanamke anayeponda mawe anataka karasha yake mwenyewe, na ameshajua atamwajiri nani na atamfukuza nani. Mlinzi wa usiku, mlinzi halisi, Msukuma wa Maswa, anataka alale usiku mmoja akiwa amevua viatu. Msichana mwongozaji alikisoma hicho cha mwisho mara mbili. Hakuna aliyesema "bhebhe".

Kumchora mhusika pamoja na mahali pake si jambo geni nchini. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, mwaka 2012, ilimweka mpiga picha wake Cheche Bagamoyo, na Bagamoyo ikabaki Bagamoyo, na bado watu wa Bara tulifuatilia. Nasi tuna kipimo chetu cha zamani kuliko bodi na tuzo zote. Kwenye mashindano ya ngoma za Kisukuma, makundi ya Bagika na Bagalu hucheza siku moja, uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyeuvuta umati upande wake. Mganga wa kila kundi huwa na dawa yake, sawa, lakini mwisho wa siku ni miguu ya watazamaji inayoamua. Mchezaji akiwa na mtindo mmoja tu umati unamchoka, unahamia ng'ambo, tena mbele yake. Tamthilia ya Dar es Salaam haijawahi kupata ngoma ya pili uwanjani. Imecheza peke yake, ndiyo maana ikatuchora inavyotaka na tukapiga makofi. Sasa simu ya mtoto wa kidato cha tatu inapiga picha, inahariri, inasambaza. Akiitumia kucheza ngoma ile ile ya sebule na glasi ya mvinyo, umati hauna sababu ya kuhama. Wenye sebule halisi watamshinda asubuhi na mapema.

Wiki iliyopita walianza kupiga filamu mpya. Nilikwenda kuangalia, nikapewa kazi ya kushika mwavuli. Karasha inanguruma nyuma na hakuna aliyekwenda kuomba izimwe. Waigizaji wanapaza sauti tu, kama watu wanavyofanya mahali pale kila siku. Mama lishe anacheza mama lishe, chini ya turubai lake mwenyewe. Mwongozaji alimwamkia, akampa karatasi yenye maneno yake: mchimbaji ambaye duara lake halijatoa kitu mwezi wa pili sasa anaomba ugali kwa mkopo, naye amjibu, "Kula mwanangu, Mungu atalipa."

Mama akaisoma taratibu, akairudisha.

"Mimi sisemi hivi," akasema. "Mimi nasema, lete kitambulisho chako nikae nacho."

Kisha akauliza ugali wa filamu unalipiwa na nani, kwa kuwa walikuwa wamesharudia mara 6 na kila mara yule mchezaji anaumaliza.